Taa ya Manjano kwenye Gari ya Shemeji

Watu wa Chwele wanasema nilimuuzia shemeji yangu gari mbovu. Waseme. Wengi wao husema hayo wakiwa wameegemea pikipiki zisizo na breki, na mimi nina gereji yenye ukuta wa mawe hapa Kitale. Niliijenga mwenyewe, mimi niliyeacha shule darasa la sita. Nilianzia Kipsongo nikiokota vyuma na kuvibeba kichwani mpaka shingo ikazama mabegani, na ukiniangalia vizuri utaona haijatoka tena. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna baba aliyeuza shamba ili nisimame. Nilichonacho nilikitoa chini ya magari ya watu, nikiwa nimelala chali, oili ikinidondokea machoni.

Natanguliza haya ili mtu asidhani naandika kuomba huruma. Huruma nimewaachia wanaoihitaji.

Gari yenyewe ilikuwa stesheni wagoni ya Kijapani, rangi ya majivu. Niliinunua ikiwa imegongwa ubavuni, nikainyosha, nikaipaka, nikaifungua injini yote na kuirudisha. Msimu mzima wa kupanda niliiendesha mimi mwenyewe kwenda shambani kwangu Kachibora, nyuma imejaa mbolea, na haikuniuliza swali hata siku moja. Gari ambayo fundi anapanda mwenyewe si gari ya kutiliwa shaka.

Shemeji yangu, bwana wa dada yangu mdogo, ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Anakaa Bungoma, lakini ukimtaka kweli mtafute sokoni Chwele, katikati ya mifugo, akipiga kelele. Aliipenda gari ile. Alikuja hapa Kitale akaikagua kama anavyokagua ng'ombe: akaizunguka, akaipiga teke tairi, akainama akatazama tumbo, akaisikiliza ikipumua. Ilibaki aivute mkia. Tukakubaliana kwa mitamba. Mitamba yake ikapanda lori ikaja Kachibora, gari ikashuka Bungoma, na kila mtu akajiona amemshinda mwenzake. Biashara nzuri huwa hivyo.

Haikupita muda mrefu akapiga simu.

"Shemeji, gari yako imewasha taa."

"Gari yangu? Gari ni yako."

"Ikitembea ni yangu. Ikiwasha taa ni yako."

Nikamuuliza taa gani. Akasema ya manjano, yenye picha ya injini. Nikamuuliza kama gari inatetemeka, kama inakosa nguvu mlimani, kama inakunywa mafuta kuliko zamani. Akasema hapana, inatembea tu vizuri, lakini taa inamtazama.

"Unasikia harufu ya petroli?"

"Kidogo. Asubuhi nikipita nyuma yake."

Basi, hapo nilijua njia ya kwenda. Harufu ya petroli kwa nyuma na gari haina shida nyingine: huo ni mvuke unatoroka. Nikamwambia afungue kifuniko cha tenki, akipanguse, akifunge tena akisikilize kikilia kwa mlio wake, kisha aendeshe siku kadhaa. Mara nyingi huwa ni hicho tu. Kijana wa kituo cha petroli amefunga akiangalia wasichana, kifuniko hakijakaza.

Akafanya. Taa haikutoka. Akaenda kwa fundi mmoja wa Bungoma, simtaji, na fundi huyo akang'oa waya wa betri na kuurudisha. Taa ikazimika. Shemeji akanipigia simu kunitukana kwa furaha: mtu wa kwao ameweza kazi iliyonishinda. Baadaye taa ikarudi. Fundi yule yule akaibandika utepe mweusi. Huyo ndiye mnayemwita fundi, mtu anayemtibu mgonjwa kwa kumfunika uso.

Utepe ukadondoka kwa joto, na hapo ndipo shemeji alipochafuka. Alinipigia siku ya soko, simu akiwa ameiweka kwa spika. Nilijua kwa sababu nilisikia ng'ombe wakilia na wanaume wakicheka kabla hajafika kwenye neno la maana.

"Wewe mtu wa Kitale! Unanisikia? Nyumba yenu imenipa vitu viwili, gari na mwanamke. Na vyote viwili vimewasha taa!"

Wanaume wakaangua kicheko. Akangoja kiishe, kama mtu aliyezoea kuhutubia.

"Jumamosi nakuletea vyote kwa safari moja. Dada yako atakaa kiti cha mbele. Halafu unirudishie mitamba yangu, ya gari na ya mwanamke. Yote!"

Akakata.

Sasa msomaji aelewe jambo hili linakaaje kwetu. Wao wawili walikuwa wamegombana muda mrefu. Dada yangu alikuwa amemuuliza analala wapi siku za Chwele, kwa maana kutoka Chwele mpaka Bungoma si safari ya kumshinda mtu mwenye gari. Shemeji hakupenda swali. Alikuwa anatafuta mlango wa kumtolea, mlango ambao wazee wakiuona watasema ni halali, na mimi nilikuwa nimempa mmoja wenye taa juu yake. Watu wa nyumba hiyo ni waongo, mnaona gari waliyonipa? Basi na mtoto wao ni hivyo hivyo. Wazee wa ng'ombe huelewa maneno ya namna hiyo upesi kuliko sheria.

Na angerudi wapi? Boma la baba lilishagawanywa. Mwanamke aliyeolewa hakuachiwa hata mahali pa kuanika nguo. Watoto wangebaki Bungoma, kwa baba yao, wakilelewa na hiyo sababu ya kulala Chwele. Mimi ningempa dada yangu chumba, chumba si tatizo, nina vyumba. Lakini mwanamke aliyerudishwa kwa gari mbovu, na soko zima linajua, hata ukimpa ghorofa ataishi ndani yake akiwa ameinama.

Sikungoja Jumamosi. Asubuhi iliyofuata nilipakia vifaa kwenye gari yangu ya nyumbani, ambayo kwa bahati ni ndugu ya ile yake, aina moja, nikashuka kwa njia ya Kiminini na Kimilili. Nilibeba mashine ya kusoma makosa na mashine ya moshi.

Hii ya moshi niitaje kidogo, kwa sababu niliitengeneza mimi. Wenye pesa huagiza za kutoka nje. Mimi nilichukua mkebe wa alumini wa kubebea maziwa, ule wenye kifuniko cha kubana, nikatia ndani plagi ya joto ya injini ya dizeli, nikamimina mafuta ya kupaka watoto, nikaunganisha betri upande mmoja na pampu ndogo upande mwingine. Plagi ikipata moto mafuta yanatoa moshi mweupe mzito, na pampu inausukuma polepole kwenye mpira. Ukiupeleka moshi huo ndani ya mfumo wa mvuke wa gari, utatokea mahali penye tundu, hata tundu dogo kama la sindano. Mafundi wa Kitale waliicheka mpaka walipoanza kuja kuiazima. Sasa siwaazimi.

Nilifika nikakuta shemeji amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, miguu ameinyoosha kama mfalme. Kando yake alikuwa dalali mwenzake wa sokoni, mzee mwembamba mwenye fimbo na kinywa kisichofungwa, aliyeitwa kuwa shahidi. Gari ilikuwa katikati ya uwanja.

Hawakusimama kunisalimia.

"Umekuja kuchukua mtu wako?" shemeji akasema.

"Nimekuja kuona gari."

"Mtu wako yuko jikoni. Mwambie afunge nguo. Ukimchukua leo utaniokolea petroli."

Dada yangu alitokea mlangoni, akanitazama, akarudi ndani. Hakusema hata karibu. Nikavaa ovaroli.

Nilichomeka mashine ya kusoma chini ya usukani. Ikasema nilichokijua tangu kwenye simu: mvuke wa petroli unavuja, uvujaji mdogo. Nikawaeleza, kwa sababu nilitaka dalali aende Chwele na maneno sahihi, kama kichwa chake kingeweza kuyabeba.

"Petroli haikai kimya ndani ya tenki," nikasema. "Inatoa mvuke. Magari ya zamani yaliuachia hewani. Hii ya sasa inaukamata, inauhifadhi kwenye kopo lenye makaa, halafu inaupeleka kwenye injini uchomwe. Kompyuta inapima kama kuna mahali unatoroka. Ikikuta unatoroka, inawasha taa."

Dalali akamgeukia shemeji taratibu.

"Kwa hivyo gari inajamba."

"Ndiyo nimesikia hivyo pia," shemeji akasema.

"Na taa ni ya kutuambia imejamba. Mimi nimeuza ng'ombe maisha yangu yote. Ng'ombe akijamba hatuwashi taa, tunasogea."

Walicheka wakashikana mikono. Nami ningecheka, kama ingekuwa siku nyingine na watu wengine.

"Halafu nikuulize, fundi mkuu," shemeji akasema, na hilo neno mkuu alilitema. "Mbona ikizimwa inakaa, halafu nikielekea kwenu Kitale ndiyo inawaka? Taa inajua barabara ya kwenu?"

"Unajaza tenki wapi?"

"Hapa Bungoma. Mpaka juu."

"Kompyuta haipimi mvuke tenki ikiwa imejaa pomoni, wala ikiwa kavu. Inangoja tenki ifike katikati. Ukiwa njiani kuja kwetu tenki imeshuka, inapima, inawaka. Haina habari na barabara."

Hilo lilimwingia na hakupenda lilivyoingia.

Nikaanza kazi. Kwanza nikafungua kifuniko cha tenki, nikakiangalia juu na chini. Kilikuwa safi, mpira wake wa duara uko mahali pake, haujapasuka. Nikakifunga, kikalia vizuri. Basi nikakiacha. Nikafuata mipira mbele kwenye injini kwa vidole, mmoja mmoja, nikitafuta ulipoungua au kukauka. Nilikuwa nimeibadilisha mwenyewe na yote ilikuwa laini. Nikaikagua valvu inayofungulia mvuke kuingia kwenye injini, ikafunga sawa. Nikaingia chini nikatazama kopo la makaa. Lilikuwa zima. Kila nilipotoka chini ya gari mikono mitupu dalali aligonga fimbo yake ardhini, kama anayehesabia mnada.

"Bado?"

"Bado."

"Dada afunge nguo?"

Nikaiweka mashine ya moshi chini na kuiunganisha. Nikaziba tundu la kupumulia la nyuma, nikachomeka mpira wa moshi kwenye njia ya mvuke iliyoko mbele, nikafungua pampu kidogo sana. Hapa ndipo wajinga huharibu magari ya watu. Wanasukuma hewa kama ya tairi, wanapasua vitu, halafu wanasema gari ilikuwa mbovu. Pumzi inatakiwa iwe ndogo, kama ya mama anayepuliza uji wa mtoto.

Nikageuka nikamwona dalali anawasha sigara.

"Zima hiyo!"

"Hii ni boma ya watu, si gereji yako."

"Hapa kuna mvuke wa petroli na wewe unawasha moto. Zima, ama tukuzike na hiyo fimbo yako!"

Akaizima kwenye soli ya kiatu, polepole, ili nione anazima kwa kupenda kwake.

Tukangoja. Moshi lazima ujaze bomba zote, ujaze na nafasi ya juu ya tenki, ndipo uanze kutafuta mlango. Nilizunguka gari na tochi ijapokuwa ni mchana. Mbele hakuna kitu. Chini hakuna kitu. Nikapita ubavuni, na hapo, kwenye ukingo wa kifuniko cha tenki, nikauona. Uzi mwembamba wa moshi, mweupe, ukipanda wima bila haraka.

"Haya, njooni," nikawaita. "Njooni mwone."

Wakaja. Shemeji akainama, akautazama ule moshi kwa jicho la mtu aliyeona nyoka kwenye nyasi. Wakati huo dada yangu alikuwa ametoka na chupa ya chai na vikombe kwenye sinia. Akaona tumeinama wapi.

"Braza, kunywa chai kwanza," akasema.

"Nakuja."

Nikazima pampu, nikafungua kifuniko, nikakigeuza mkononi. Mpira ulikuwa palepale, mzima. Lakini sasa nilikuwa najua lazima kuna kitu, kwa hiyo nilipitisha kidole kuuzunguka wote, na upande mmoja nikasikia umeinuka. Kidogo sana. Jicho halioni, kidole kinaona.

"Chai itapoa," dada yangu akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini mimi nikiwa kazini sisikilizi sauti za watu.

Nikachukua bisibisi ndogo, nikaunyanyua mpira kutoka kwenye mfereji wake, nikawageuzia mgongo kidogo nipate mwanga. Chini ya mpira kulikuwa na kitambaa. Kipande chembamba chekundu, kimekunjwa mara nyingi kwa uangalifu, kimelazwa kwenye mfereji kwa ustadi ambao, nikwambie ukweli, vijana wangu wa gereji hawana. Kilinukia petroli, na chini ya petroli mafuta mengine matamu.

Nilikijua mara moja. Ni kitambaa cha upako. Kanisa la dada yangu huwapa waumini wakiombee, wengine huweka dukani, wengine hushonea kwenye mto. Mke wangu anacho kwenye pochi yake. Dada yangu alikuwa amekiweka mahali ambapo gari inakunywa, ili popote itakapoenda impeleke bwana yake na kumrudisha nyumbani. Hakujua kuwa gari haipendi hata uzi mmoja mahali hapo.

Leo naweza kuyaandika haya kwa sababu shemeji mwenyewe ameokoka, katika kanisa lile lile, na kitambaa kama kile kinaning'inia kwenye kioo chake cha mbele, kikubwa kama leso. Lakini siku ile alikuwa mtu wa kuwacheka walokole, na mtu wa namna hiyo akikuta kitambaa chekundu kimefichwa na mke wake ndani ya gari yake, hatasema upako. Atasema uchawi. Atasema amefungwa kwa dawa. Na dalali alikuwa pale na fimbo yake na kinywa chake, na soko la Chwele linamsubiri. Shemeji alikuwa anatafuta mlango wa kumtolea dada yangu. Huo haungekuwa mlango, ungekuwa ukuta mzima umebomoka.

Niliinua macho. Dada yangu alikuwa amesimama na sinia. Alikuwa anatazama mkono wangu, wala si vikombe.

Kumbuka mimi nilikuwa nimeshinda. Kiganjani mwangu nilikuwa na ushahidi kwamba gari yangu ilikuwa nzima, kwamba fundi wa Kitale hakukosea, na kwamba hitilafu ilitoka ndani ya boma la huyo huyo aliyenitukana kwa spika. Sijawahi kushika ushindi mtamu kama ule. Nilifunga ngumi, nikaiingiza mfukoni mwa ovaroli kama mtu anayetafuta kitambaa cha kufutia mikono.

"Umeona nini?" shemeji akauliza.

"Mpira."

"Umefanya nini?"

"Umekufa."

"Umekufa?" Akasogea. "Ulikufia wapi? Kwangu ama kwako?"

Nilimtazama. Angekuwa mteja mwingine yeyote ningemrushia kifuniko kichwani.

"Kwangu," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Ulikufia kwangu. Niliuza gari na mpira uliokufa."

Dalali alikuwa ameshatoa simu.

"Hebu rudia, mkubwa," akasema, akininyooshea ile simu usoni. "Anza na jina la kazi yako, halafu useme hayo ya mpira. Mimi ni mzee, nasahau, lakini hii haisahau."

"Toa hiyo kitu."

"Ama tumuulize dada yako afunge nguo?" shemeji akasema.

Nikarudia. Nilisimama katikati ya uwanja ule, na ovaroli yangu, nikaiambia simu ya dalali wa ng'ombe kwamba mimi, fundi wa Kitale, nilimpa shemeji yangu gari yenye mpira uliokufa. Dalali akanisikilizisha baada ya hapo kuhakikisha sauti imeingia. Imeingia vizuri. Nimeambiwa hata Kachibora imefika.

Nikaenda kwenye gari yangu, nikang'oa kifuniko changu, nikamwekea yeye. Nikawasha moshi tena mbele yao. Tukangoja zaidi ya mara ya kwanza. Hakuna uzi, hakuna harufu. Nikafuta kosa kwa mashine, taa ikazimika, nikamwambia aendeshe tenki ikiwa nusu kwa siku kadhaa na ikiwaka anipigie hata kanisani. Kile kifuniko chake kilichokufa nikakirudishia mpira wake, nikakifunga kwenye gari yangu. Mpaka leo kiko pale na hakijawahi kuniwashia taa hata mara moja. Kilikuwa kifuniko kizuri sana. Mimi siuzi takataka.

Nilidhani tumemaliza. Shemeji akarudi kwenye kiti chake cha plastiki.

"Sawa," akasema. "Gari ibaki. Mwanamke abaki. Lakini yule mtamba mweusi nimesikia amezaa."

"Amezaa."

"Ndama arudi."

"Ndama alizaliwa kwangu."

"Na mpira ulikufia kwako. Tuko sawa."

Dalali akasema hiyo ni haki kabisa, kwa maana dalali hajawahi kuona haki isiyokuwa upande wa mwenye kiti. Nilimpeleka ndama mwenyewe kwa pikapu wiki ile ile, akiwa bado anatafuta mama yake kwa mdomo. Shemeji alimpokea bila kuniambia ahsante, akampima kwa macho, akasema amekonda, nyinyi watu wa Kitale hamjui kulisha.

Chai ile sikunywa. Nilipakia vifaa, nikageuza gari. Dada yangu alinisindikiza mpaka barabarani, kama ilivyo desturi, lakini alitembea mbele yangu na hakugeuka. Nilishusha kioo nikangoja aseme neno. Akasema, "Barabara ya Kimilili ina polisi," akarudi.

Kiganja cha kushoto kilinuka petroli na mafuta matamu mpaka nilipofika. Kile kitambaa nilikitupa kwenye jiko la mama anayeuza githeri karibu na gereji yangu, kikawaka kwa moto wa buluu.

Siku chache baadaye dada yangu akapiga simu. Nikajua sasa ndiyo anashukuru. Nikaketi chini, nikasogeza spana kando, nikajiandaa kusema si kitu, mdogo wangu, ndugu ni ndugu.

"Kiko wapi?" akasema.

"Nini?"

"Usinichezee, braza. Kiko wapi?"

"Nimekichoma."

Akanirukia.

"Nani alikutuma kukitoa? Nilikwambia kunywa chai! Nilikwambia mara mbili! Unajua nilifunga siku ngapi ili kile kitambaa kiombewe? Unajua?"

"Kilikuwa kinawasha taa."

"Taa! Taa! Nyinyi mnaogopa taa! Mimi naogopa akitoka asirudi!"

"Ningekionyesha je? Ungekuwa wapi leo? Ungekuwa kwangu hapa, na nguo kwenye gunia."

"Si ungekirudisha hapo chini ukanyamaza!"

"Na taa iwake tena?"

"Iwake! Kwani imekuuma wapi?"

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia nimejitukana mbele ya dalali kwa ajili yake, sauti yangu inauzwa Chwele kama karanga, nimetoa ndama wangu, na yeye anakuja kunidai kitambaa. Akaniambia sikufanya kwa ajili yake, nilifanya kwa sababu siwezi kuona kitu kimefungwa bila kukifungua, tangu tukiwa watoto niko hivyo, na kwamba ndama ni ndama, nina ng'ombe wengine. Akakata.

Nikaendelea na kazi. Mteja alikuwa anangoja na nilimfokea bila kosa lolote. Jioni nilipokuwa nafunga gereji nilipiga mimi. Aliacha simu ilie mpaka karibu na mwisho.

"Taa imerudi?" nikauliza.

"Haijarudi."

"Harufu?"

"Hakuna."

Nilisikia sufuria, nikasikia mtoto anaambiwa aoshe miguu. Nikamuuliza: jana ilikuwa siku ya soko Chwele, bwana yake alilala wapi?

Nikasikia sufuria ikifunikwa.

"Alilala hapa," akasema. "Lakini hiyo si kazi yako."